Wazazi wanasikia, mtoto kiziwi: vinasaba vinaeleza nini?

Mtoto huyu uziwi kautoa wapi?

Ni swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, kwenye foleni ya kliniki au sebuleni ndugu wanapokutana. Baba anasikia. Mama anasikia. Babu na bibi wa pande zote mbili wanasikia. Kwenye ukoo hakuna anayekumbukwa kuwa kiziwi.

Jibu likikosekana, watu hujitungia la kwao. Mama alikula nini akiwa mjamzito? Alimcheka nani? Kuna mtu kawaroga? Na mara nyingi kidole kinaishia kwa mama.

Takwimu zinasema kitu kingine. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi wana wazazi wanaosikia. Yaani familia hiyo si ya ajabu hata kidogo. Na kwa familia nyingi za aina hiyo, jibu limo ndani ya vinasaba vya baba na vya mama kwa pamoja.

Haya ndiyo ya kujua kwa haraka:

• Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 hadi 3 huwa na tatizo la kusikia tangu kuzaliwa.

• Katika nchi zenye huduma nzuri za uzazi na chanjo, zaidi ya nusu ya uziwi wa kuzaliwa nao hutokana na vinasaba.

• Mara nyingi wazazi wote wawili wamebeba hitilafu ileile bila kujua, na wao wenyewe wanasikia vizuri.

• Kujua chanzo si kutafuta wa kulaumiwa. Kunaweza kuamua mtoto apewe dawa gani, apimwe kiungo gani kingine, na asaidiwe vipi.

Sikio linasikiaje?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukiingia sikioni unagonga ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vifupa vitatu vidogo sana, navyo vinasukuma majimaji yaliyo ndani ya kiungo kiitwacho koklea. Koklea imejiviringisha kama gamba la konokono.

Ndani ya koklea kuna seli takriban 15,000 zenye vinyweleo juu yake. Majimaji yakitikisika, vinyweleo vinapinda, seli inatoa ishara ya umeme, mshipa wa fahamu unaipeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu anasikia jina lake.

Seli hizo mtu huzaliwa nazo. Zikifa, mwili wa binadamu hauoteshi nyingine.

Mfumo huu unahitaji protini nyingi: za kujenga vinyweleo, za kupitisha chumvichumvi, za kurusha ishara kwenda kwenye mshipa. Maelekezo ya kutengeneza kila protini yameandikwa kwenye jeni. Vinasaba, au DNA kama wengi wanavyoijua kupitia habari za kupima baba halali wa mtoto, ni kama kitabu kirefu, na kila jeni ni sura moja ya kitabu hicho.

Wanasayansi wameshatambua zaidi ya jeni 100 ambazo hitilafu ndani yake inaweza kusababisha uziwi. Kwa hiyo "uziwi wa kurithi" si ugonjwa mmoja. Ni hali nyingi tofauti zinazofika mahali pamoja.

Herufi moja tu ikikosekana

Jeni iliyochunguzwa zaidi inaitwa GJB2. Mwaka 1997 watafiti walibaini kuwa hitilafu zake husababisha uziwi.

Kazi ya GJB2 ni kutengeneza protini iitwayo koneksini 26. Protini hiyo huunda vijilango kati ya seli za koklea, na kupitia vijilango hivyo madini ya potasiamu huzunguka na kutumika tena. Vijilango vikiharibika, mzunguko unakwama na seli za kusikia zinashindwa kazi.

Maandishi ya DNA hutumia herufi nne tu: A, C, G na T. Kuna sehemu ndani ya GJB2 ambapo herufi G zinafuatana mara sita. Kwa baadhi ya watu ziko tano. Moja imekosekana.

Mtu anaweza kuuliza, herufi moja tu? Fikiria namba ya simu. Ukiruka tarakimu moja karibu na mwanzo, zote zinazofuata zinasogea, na simu haiendi kwa uliyemkusudia. Seli nayo ikisoma jeni iliyopungua herufi, protini inayotoka haifanyi kazi.

Hitilafu hiyo imeenea sana Ulaya. Takriban mtu 1 kati ya 50 huko ameibeba, na wengi wao hawatajua maisha yao yote.

Ni kama selimundu

Kwa nini wasijue? Kwa sababu kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Kwa jeni nyingi za usikivu, nakala moja nzima inatosha. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu anasikia kama kawaida. Anaitwa mbebaji.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hii tayari kupitia selimundu. Mzazi mwenye nakala moja haumwi, lakini wawili wa aina hiyo wakikutana, mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa. Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyohiyo.

Karibu asilimia 80 ya uziwi wa kurithi usioambatana na tatizo jingine la mwili hufuata kanuni hii. Ndiyo maana hitilafu inaweza kupita kimyakimya kwa vizazi na vizazi, kisha ikajitokeza siku wabebaji wawili wa jeni ileile wanapozaa pamoja.

Hapa hoja ya "ni upande wa mama" inaanguka yenyewe. Kwa aina hii ya uziwi, lazima baba naye awe amechangia nakala.

"Asilimia 25" maana yake nini hasa?

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni moja, kila mimba ina:

• uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atakuwa kiziwi;

• asilimia 50 kwamba atasikia lakini atakuwa mbebaji kama wazazi wake;

• asilimia 25 kwamba atasikia na hatabeba hitilafu.

Hapa wengi huteleza. Robo haimaanishi kuwa kati ya watoto wanne lazima mmoja awe kiziwi, wala kwamba mkishapata mmoja, watatu wanaofuata "wamesalimika". Ni kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja. Zikidondoka kichwa zote mbili leo, kesho hazikumbuki. Kila mimba inaanza upya.

Ndiyo maana kuna familia zenye watoto viziwi watatu mfululizo, na nyingine zenye wabebaji wawili ambao watoto wao wote wanasikia.

Kuna jambo jingine linaloshangaza. Baba kiziwi na mama kiziwi wanaweza kuzaa watoto wote wanaosikia. Inawezekana kwa sababu uziwi wa baba umetoka kwenye jeni moja na wa mama kwenye jeni nyingine, hivyo kila mmoja anampa mtoto nakala nzima ambayo mwenzake hana. Lakini wote wakiwa na hitilafu za jeni ileile, mtoto hana pa kupata nakala nzima.

Mzazi mmoja anapotosha

Kwa aina nyingine za uziwi, nakala moja mbovu inatosha kuleta athari. Hapo mzazi mwenye hali hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipitisha kwa kila mtoto, na uziwi huonekana kizazi hadi kizazi.

Mfano ni hali iitwayo Waardenburg. Wenye nayo wanaweza kuwa na macho ya bluu angavu, hata wakiwa Waafrika wenye ngozi nyeusi, au kishungi cha nywele nyeupe juu ya paji la uso. Picha za watoto hao husambaa mtandaoni na watu husifia uzuri wa macho. Ni vizuri kujua kwamba baadhi yao hawasikii, na kwamba mtoto mwenye macho hayo anapaswa kupimwa usikivu mapema. Sababu ni kwamba seli zinazotengeneza rangi ya mwili zinahitajika pia ndani ya koklea.

Zipo pia aina chache zinazopita kwenye kromosomu X, ambazo huwapata zaidi watoto wa kiume.

Hitilafu inayosubiri sindano

Aina nyingine ni nadra, lakini ina somo kubwa kwa hospitali zetu.

Ndani ya seli kuna vinu vidogo vya nishati viitwavyo mitokondria. Navyo vina DNA yao, na hiyo mtoto huipata kwa mama peke yake. Kuna badiliko la herufi moja humo, lililoelezwa na watafiti mwaka 1993, ambalo mtu anaweza kuishi nalo bila shida kubwa ya kusikia. Tatizo linakuja akipewa dawa za kundi la gentamisini.

Gentamisini, ambayo wahudumu wengine huiita "genta", ni dawa ya bakteria. Kundi lake huua bakteria kwa kuharibu mtambo wao wa kutengeneza protini. Badiliko hilo linaufanya mtambo wa mitokondria ya mtu ufanane zaidi na wa bakteria. Dawa inashambulia vyote viwili, na seli za kusikia zinakufa. Inaweza kutokea hata kama kipimo cha dawa kilikuwa sahihi kabisa.

Nchini Uingereza takriban mtu 1 kati ya 500 ana badiliko hilo. Watafiti wa Manchester walitengeneza kipimo cha haraka kwa vichanga waliolazwa: usufi unapitishwa ndani ya shavu, na majibu hutoka kwa takriban dakika 26. Mtoto akionekana nalo, anapewa dawa nyingine.

Je, mzazi akatae gentamisini? Hapana. Dawa hii huokoa vichanga wengi wenye maambukizi kwenye damu, na kuikataa kunaweza kumgharimu mtoto maisha. Linalotakiwa ni kumwambia daktari kabla ya sindano kama kuna mtu upande wa mama aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha chaguo la dawa.

Uziwi unapokuja na jambo jingine

Takriban asilimia 30 ya uziwi wa kurithi huambatana na tatizo kwenye kiungo kingine, na pengine tatizo hilo halionekani siku za mwanzo. Hapa ndipo kujua jeni kunaweza kuokoa maisha.

Moyo. Kuna watoto wanaozaliwa viziwi wakiwa pia na hitilafu kwenye umeme wa moyo. Wakikimbia au wakishtuka, wanazimia. Wengine huambiwa wana kifafa. Moyo unaweza kusimama ghafla. Hali hii, iitwayo Jervell na Lange-Nielsen, ni nadra, lakini kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuitambua, na zipo dawa za kupunguza hatari. Mtoto kiziwi anayezimia apelekwe kupimwa moyo.

Macho. Katika hali iitwayo Usher, mtoto huzaliwa na tatizo la kusikia, kisha miaka inavyokwenda anaanza kujikwaa gizani na uoni wake unapungua. Familia ikijua mapema, inaweza kupanga mawasiliano ambayo hayategemei macho peke yake.

Tezi ya shingo. Katika hali ya Pendred, uziwi huja na rovu, na usikivu uliobaki unaweza kushuka ghafla baada ya kichwa kugongwa. Mtoto wa aina hii huepushwa na michezo ya kugongana vichwa.

Suala la kuoa binamu

Ni mada nyeti, hasa kwa jamii ambako ndoa za ndugu ni jambo la kawaida na la heshima. Sayansi yake ni nyepesi: watoto wa ndugu wawili wamerithi sehemu ya vinasaba kutoka kwa babu na bibi walewale. Kama babu alibeba hitilafu, wajukuu wawili wanaweza kuwa nayo ileile.

Oman, nchi yenye undugu wa karibu na Zanzibar na pwani yote, imelichunguza hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watoto viziwi nchini humo ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 walitoka kwa wazazi wenye undugu wa damu.

Hii haimaanishi kwamba kila anayeoa binamu atapata mtoto kiziwi. Wengi hupata watoto wanaosikia. Maana yake ni kwamba hatari inapanda, na kama tayari kuna kiziwi kwenye ukoo, ushauri wa daktari kabla ya ndoa au mimba unastahili kutafutwa. Pia kumbuka, asilimia 30 ya watoto hao walitoka kwa wazazi wasio ndugu.

Kijiji cha Ghana kinachofundisha dunia

Kusini mashariki mwa Ghana, si mbali na Accra, kuna kijiji kinaitwa Adamorobe. Kwa vizazi vingi kimekuwa na viziwi wengi kuliko kawaida, kiasi kwamba kilizaa lugha yake ya alama, inayotumiwa na viziwi na wanaosikia pia.

Mwaka 1998 watafiti waliripoti chanzo: badiliko kwenye jeni ileile ya GJB2, ila si lile la Ulaya. Hili linaitwa R143W. Baadaye ilionekana kwamba halikuishia kijijini. Watafiti walipopima familia za Ghana zenye zaidi ya mtoto mmoja kiziwi, walilikuta kwenye takriban robo ya familia hizo.

Katika miaka ya 1970 viongozi wa kijiji walikuwa wamepiga marufuku kiziwi kuoana na kiziwi, wakiamini watapunguza uziwi. Marufuku hayo yaliwaumiza viziwi waliotaka kuoana, lakini hayakugusa chanzo chote. Watu wanaosikia waliendelea kuoana, na miongoni mwao walikuwamo wabebaji.

Kipimo kinachofaa Ulaya kinaweza kushindwa hapa

Sasa fikiria hospitali ya Afrika inayonunua kipimo cha vinasaba kilichotengenezwa kutafuta hitilafu zinazojulikana Ulaya. Mtoto anapimwa, majibu yanasema hakuna kitu. Je, uziwi wake si wa kurithi?

Si lazima. GJB2, inayoongoza Ulaya na yenye nafasi kubwa Ghana, ilipotafutwa kwa watoto viziwi wa Cameroon na Afrika Kusini ilionekana kuchangia kidogo sana au kutochangia kabisa. Kwa watoto wengi wa Kiafrika hitilafu ziko kwenye jeni nyingine, na baadhi hazijawahi kuandikwa popote.

Profesa Ambroise Wonkam, mtaalamu wa vinasaba mzaliwa wa Cameroon, ameongoza utafiti wa uziwi wa kurithi katika nchi kadhaa za Afrika, akifanya kazi na Chuo Kikuu cha Cape Town. Amekuwa akisisitiza kwamba vinasaba vya Waafrika visomwe kwa wingi zaidi, kwa sababu Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lingine lolote, lakini takwimu nyingi zinazotumika duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kwa mzazi maana yake ni hii: majibu yakisema "hatujaona kitu", uliza ni jeni ngapi zilizosomwa.

Kuna tiba?

Habari iliyotikisa uwanja huu ilitoka China Januari 2024. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan mjini Shanghai walichapisha matokeo ya watoto 6 waliozaliwa viziwi kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni iitwayo OTOF. Walitibiwa sikio moja. Watano kati yao walianza kusikia.

Jeni hiyo hutengeneza protini inayorusha ishara kutoka kwenye seli ya kusikia kwenda kwenye mshipa wa fahamu. Kwa watoto hawa, seli ni nzima, ila ujumbe haufiki. Madaktari walipakia nakala nzima ya jeni ndani ya virusi visivyo na madhara na kuviingiza kwenye sikio la ndani. Jeni ni ndefu mno kwa kirusi kimoja, kwa hiyo waliikata vipande viwili na seli ikaviunganisha.

Ni hatua kubwa, lakini isieleweke vibaya. Inahusu jeni moja, inayosababisha sehemu ndogo ya uziwi wa kurithi. Kwa mwenye hitilafu ya GJB2 tiba hiyo haifanyi kazi.

Kwa wengi, msaada uliopo ni mashine za kusikia kwa wenye usikivu uliobaki, na kwa uziwi mkubwa kifaa kinachopandikizwa kwenye koklea. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Tanzania, ilianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017. Bado ni ghali, na baada ya upasuaji mtoto anahitaji mafunzo marefu ya kusikia na kuongea. Watoto wenye hitilafu ya GJB2 kwa kawaida hunufaika vizuri, kwa sababu mshipa wao wa fahamu hauna tatizo.

Si kila uziwi ni wa kurithi

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Humo kuna rubela kwa mama mjamzito, homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na homa kali ya manjano ya kichanga.

Kwa hiyo chanjo na huduma nzuri ya uzazi ni kinga ya masikio pia. Na kabla ya kusema "ni ya ukoo", daktari atauliza historia yote ya mimba, uzazi na magonjwa.

Dalili za kuangalia nyumbani

• Kichanga hashtuki mlango unapobamizwa.

• Ana miezi 6 na hageuki akisikia sauti ya mama asiyemwona.

• Ana mwaka mmoja na haitiki jina lake wala hatamki neno lolote.

• Alikuwa anaongea, sasa maneno yanapungua au yanapotea.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: watoto viziwi nao hutoa sauti na kucheka miezi ya mwanzo, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu hiyo tu. Ya pili: kugonga sufuria nyuma ya mtoto si kipimo. Anaweza kuhisi mtikisiko au kuona kivuli chako.

Kipimo cha kweli hakiumizi. Kimoja ni kijiti laini kinachowekwa sikioni, kinatoa sauti na kusikiliza mwangwi wa koklea. Kingine ni vihisio vinavyobandikwa kichwani kupima kama sauti inafika kwenye ubongo. Watoto wenye tatizo la OTOF wanaweza kufaulu cha kwanza na kushindwa cha pili, kwa hiyo kama mashaka yapo, omba vyote viwili.

Wataalamu hutumia lengo la 1-3-6: mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Ukichelewa, bado nenda. Kuanza na miaka 2 ni bora kuliko kusubiri afike umri wa shule.

Ukienda hospitali, beba majibu ya maswali haya

• Nani kwenye ukoo hasikii vizuri, pande zote mbili, na alianza lini?

• Kuna mtoto aliyefariki ghafla au anayezimia mara kwa mara?

• Kuna mwenye matatizo ya figo, rovu, au asiyeona vizuri usiku?

• Wazazi wana undugu?

• Mtoto au mama alipewa sindano gani?

Kipimo cha vinasaba bado ni huduma adimu Afrika Mashariki, lakini maswali haya hayana gharama, na mara nyingi ndiyo yanayomwonyesha daktari pa kuanzia.

Na lugha isisubiri. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo, na hauchagui kama inapitia masikioni au machoni. Lugha ya alama ni lugha kamili. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua ya nchi hiyo, na Tanzania ina Lugha ya Alama ya Tanzania. Familia inaweza kuanza kujifunza alama leo, huku ikisubiri majibu, mashine au upasuaji. Alama hazimzuii mtoto kuongea baadaye. Kinachomrudisha nyuma ni kukaa miaka mitatu au minne bila lugha yoyote, wakati watu wazima bado wanabishana uziwi umetoka upande wa nani.